Kila mita na swali lake: kusoma taa, mishale na grafu za studio ya nyumbani

Ukikaa na maprodyuza utasikia usia mmoja ukirudiwa: miksi kwa masikio, usimiksi kwa macho. Usia huo una sababu. Anayejifunza leo anafungua programu ya kurekodia na kukuta kioo kizima kinameremeta, ngazi za kijani na nyekundu, mawimbi, grafu zinazocheza na mdundo. Asipoangalia, ataishia kutengeneza picha nzuri na wimbo mbovu. Lakini walioanzisha usia huo walifanya kazi kwenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya sauti, wenye spika kubwa, na juu ya meza zao za kumiksia kulikuwa na safu ya mishale iliyotikisika mchana kutwa. Walikuwa wanatazama kila siku. Tofauti ni kwamba walijua watazame nini na wakati gani.

Mwenye studio ya chumbani Mbagala au Kawangware hana chumba cha namna ile. Ana futi 10 kwa 10 za kuta za tofali na sakafu ya saruji, spika za inchi 5 au hedifoni tu, feni inayozunguka, na mara nyingi yeye ndiye prodyuza, fundi mitambo na mwamuzi wa mwisho. Masikio yake hayana ubaya wowote, ila chumba kinayapelekea taarifa zilizochafuka, na yenyewe yanachoka. Mpishi anayeonja mchuzi kila dakika hufika mahali ulimi wake hauoni tena chumvi. Sikio nalo, likisikia kiitikio kilekile tangu asubuhi, huanza kuona kila kitu ni sawa. Mita haizoei. Ila mita pia haisikii. Haijui kama sauti ya mwimbaji inagusa moyo au imepoa kama uji wa jana. Kila mita inajibu swali moja, na mkanganyiko mwingi wa studio za nyumbani unatokana na kuiuliza mita fulani swali la mwenzake.

Kilele na wastani

Mojawapo ya mita kongwe ambazo bado zinaigwa kwenye kompyuta ni VU, ile yenye mshale unaolala kushoto na kuamka kuelekea kulia, ikiwa na eneo jekundu mwishoni. Ilitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, kazi ya pamoja ya Bell Labs (maabara ya kampuni ya simu) na mashirika mawili ya utangazaji, CBS na NBC. Shida yao ilikuwa kwamba watu wa studio na watu wa laini za simu zilizosafirisha matangazo walisoma viwango tofauti kwa sauti ileile. Wakakubaliana juu ya mshale mmoja wenye mwendo mmoja: ukipewa sauti ya ghafla, huchukua milisekunde 300 kufika mahali pake.

Ucheleweshaji huo ulikuwa wa makusudi. Sikio letu nalo halipimi ukubwa wa sauti kwa kila mchomo mdogo. Linajumlisha kwa kitambo. Ndiyo maana mshale wa VU unakwenda vizuri na sauti ya mtu anayezungumza au kuimba: unaonyesha wastani unaokaribiana na kile unachokisikia. BBC walichukua njia nyingine. Hofu yao ilikuwa mitambo ya kurushia matangazo kuzidiwa, kwa hiyo wakatengeneza mita ya vilele, inayoinuka kwa takriban milisekunde 10 na kushuka polepole ili jicho liwahi kusoma. Basi tangu enzi hizo kulikuwa na maswali mawili, na hayajaungana hadi leo. Sauti hii inasikika kubwa kiasi gani? Na je, kuna mahali inagonga mwisho wa chombo?

Rekodi kayamba uone tofauti. Kila mtikiso ni mchomo mfupi sana. Mshale wa VU unaweza kubaki chini kabisa, kama vile hakuna anayepiga, wakati mita ya vilele inaruka hadi karibu na mwisho. Anayetegemea mshale peke yake atapandisha gaini (kiwango cha sauti inayoingia) hadi mshale uchangamke, na kufikia hapo sauti imeshapasuka zamani. Sasa chukua kinanda chenye sauti nzito inayoshikiliwa: mita zote mbili zinakaribiana, kwa sababu vilele na wastani haviko mbali.

Singeli inaleta kituko chake. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 240, pigo moja na linalofuata vinatenganishwa na milisekunde 250 tu. Mshale unaohitaji milisekunde 300 kupanda na nyingine kama hizo kushuka haupati nafasi ya kushuka. Unaganda juu ukitetemeka, na hausemi lolote la maana kuhusu ngoma. Kwa singeli, VU iachie sauti ya mwimbaji kabla haijachanganywa, na mdundo ufuatilie kwa mita ya vilele.

Kwenye kompyuta vilele vina ukali zaidi, kwa sababu namba zina mwisho. Kipimo cha kidijitali, kinachoandikwa dBFS, huhesabu kutoka juu kwenda chini: 0 ndiyo kikomo, na kila kitu halali kina alama ya kutoa mbele yake. Wimbi likitaka kupita 0 linakatwa kichwa. Mkanda wa zamani ulipozidiwa ulikunja sauti taratibu, na wengine waliupenda utamu huo. Namba zikiisha hakuna utamu, kuna mkwaruzo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa video za mtandaoni wanapopotea. Wanamwona fundi wa kigeni akipeleka mshale hadi 0, nao wanakwenda kwenye programu yao kutafuta 0. Hizo ni sifuri mbili tofauti. Sifuri ya VU ni kiwango cha kawaida cha kufanyia kazi, chenye nafasi juu yake. Sifuri ya dBFS ni ukutani. Kawaida ya utangazaji Ulaya hulinganisha kiwango cha kazi na -18 dBFS, Wamarekani hutumia -20, na nyingi ya plagini (programu ndogo za kuongezea) zinazoiga VU hukuwezesha kuchagua namba hiyo. Ukiweka -18, mshale ukifika 0 bado umebakiwa na desibeli 18 za kupokea vilele.

Kwa nini basi bado kuna watu wanaorekodi kwa nguvu hadi taa ya njano iwake muda wote? Ni urithi. Zama za mkanda, na baadaye za rekodi za kidijitali za biti 16, sauti ndogo ilikaa karibu na mvumo wa chombo chenyewe, na kurekodi kwa nguvu ilikuwa njia ya kuukimbia. Biti 16 zina upana wa desibeli 96 hivi. Biti 24 zina 144 kwenye hesabu, ingawa hakuna saundikadi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) inayofika huko kwa kweli. Ukirekodi biti 24 na wastani wako ukawa -20, mvumo wa saundikadi uko mbali sana chini. Kitakachokusumbua ni feni na bodaboda za nje, na hizo gaini haiziondoi.

Kuna jambo ambalo kila aliyewahi kurekodi msanii analijua. Wakati wa kujaribu maiki, msanii anaimba kwa haya. Ukimwambia sasa tunarekodi, anapanda, na kwenye kiitikio anapanda tena. Ukipanga gaini ili majaribio yafike -6, rekodi yenyewe itapasuka. Panga majaribio yafike -14 au -12, na mpe kabisa ule mstari anaoupigia kelele.

Sasa taa nyekundu. Kwenye studio ya nyumbani zinawaka mahali patatu na hazina uzito sawa. Nyekundu ya saundikadi ndiyo mbaya kuliko zote: sauti imekatwa kabla haijaingia kwenye kompyuta, na kushusha feda (kitelezi cha sauti) ya chaneli kunakupa mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Hiyo ni ya kurekodi upya. Nyekundu ya chaneli ndani ya programu mara nyingi haina madhara, kwa sababu programu karibu zote za leo zinakokotoa kwa biti 32 au 64 za nukta inayoelea. Namba inaweza kupita 0 ndani humo na kurudi salama ukiishusha mbele ya safari. Tahadhari ni plagini zinazoiga mitambo ya zamani, ambazo hubadilika tabia zikilishwa kupita kiasi. Nyekundu ya tatu ni ya chaneli kuu ya mwisho. Hapo sauti inageuzwa kuwa biti 24 au 16, na kukatwa kunarudi kuwa kukatwa. Kwa hiyo ukiona chaneli ya ngoma inawaka nyekundu, usihangaike kabla hujatazama ya mwisho.

Chumba kinachodanganya besi

Nikiambiwa nimchagulie mtu wa studio ya nyumbani kioo kimoja tu, nitamchagulia grafu ya masafa, ile inayoonyesha nguvu ya sauti kuanzia besi hadi za juu. Mita ya vilele kila programu inayo. Grafu hii ndiyo inayoziba shimo kubwa zaidi alilonalo, yaani besi.

Chukua chumba cha mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi linalokwenda ukutani na kurudi linatembea mita 6, na 349 ukigawa kwa 6 unapata 58. Maana yake chumba hicho kina noti yake binafsi, Hz 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), jirani kabisa na B♭ ya chini. Noti hiyo ikipigwa, kuta zinairudisha juu ya nafsi yake na inavimba. Inavimba ukutani na pembeni. Katikati ya chumba inajifuta. Kama chumba ni mraba, kama vilivyo vyumba vingi vya kupanga, kuta za upande mwingine zinafanya kosa hilohilo kwenye noti hiyohiyo. Na dari likiwa nalo mita 3, mambo yamekamilika.

Prodyuza aliyeweka kiti katikati anasikiliza mstari wake wa besi. Noti moja haipo. Anafungua ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti za juu) na kuongeza desibeli 6 mahali pale. Sasa inasikika vizuri kwake, na kwenye gari la rafiki yake inatikisa milango. Mwenzake aliyesukuma meza ukutani anapata kinyume chake: anapunguza besi isiyo na hatia, na wimbo wake ukifika ukumbini unakuwa mwembamba. Wote wawili wana masikio mazuri.

Trei za mayai ukutani hazibadilishi hili hata kidogo. Godoro linasaidia kupunguza mwangwi wa sauti za juu, hasa nyuma ya mwimbaji, lakini wimbi la Hz 58 lina urefu wa mita 6 na halishtuki kwa sponji ya sentimita 10.

Grafu ya masafa inachukua sauti ndani ya kompyuta, kabla haijafika kwenye spika na kuta. Haijui chumba chako kikoje. Kama noti ile ya besi iko sawa na wenzake kwenye grafu na wewe huisikii, mkosaji ni chumba, na ikwalaiza ikae mbali. Ndiyo thamani yake kubwa. SPAN ya Voxengo inafanya kazi hii bure, na programu kadhaa za kurekodia zina grafu yake ndani.

Ila isomwe kwa kujua inavyofanya kazi. Kompyuta huchukua kipande cha sauti, ikakihesabu, ikakigawa kwenye visanduku vya masafa. Kwa kipande cha sampuli (nukta za kipimo cha sauti) 4,096 kwenye sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kila kisanduku kina upana wa Hz 10.8. Juu huko hakuna shida. Chini, noti ya E ya besi iko Hz 41.2 na F inayofuata iko 43.7, zote zinaangukia ndani ya kivimbe kimoja na huwezi kuzitenganisha. Ukipandisha kipande hadi sampuli 16,384, visanduku vinakuwa na upana wa Hz 2.7 na noti zinaanza kuonekana moja moja. Bei yake ni muda: kipande hicho kina urefu wa milisekunde 372, kwa hiyo grafu inachelewa, na kwenye singeli ya mapigo 240 inachanganya pigo moja na jingine. Hakuna mpangilio unaokupa yote mawili. Kwa besi weka kipande kikubwa, kwa sauti za juu na milio mifupi weka kidogo.

Jambo la pili ni mteremko. Muziki kwa kawaida una nguvu nyingi chini na kidogo juu, hivyo grafu isiyorekebishwa inaonekana kama inaporomoka kulia. Baadhi ya programu huiinamisha, kwa mfano kwa desibeli 4.5 kila okteva (kila masafa yanapoongezeka mara mbili), ili wimbo wa kawaida uonekane umelala karibu na usawa. Asiyejua hili atafungua programu ya kwanza aongeze sauti za juu hadi masikio yawashe, kesho yake afungue ya pili apunguze. Tena hakuna sheria kwamba mstari uwe tambarare. Taarabu yenye fidla nyingi haina umbo la biti ya hip hop, na haitakiwi kuwa nalo. Weka kwenye chaneli ya pembeni wimbo unaouamini, wa aina ileile ya muziki, utazame umbo lake kwa mipangilio ileile, halafu tazama wako. Ukiona tofauti ya desibeli 10 chini ya Hz 60, umepata swali la kuuliza. Tofauti ya desibeli 2 ni tabia ya wimbo.

Ukitaka kujua chumba chenyewe, si wimbo, kuna programu ya bure iitwayo REW. Inapiga sauti inayopanda kutoka chini hadi juu, maiki inaisikiliza mahali kichwa chako kinapokaa, na inakuchorea milima na mabonde ya chumba. Maiki ya kupimia ndiyo inayofaa, lakini kwa besi hata maiki nzuri ya kawaida itakuonyesha shimo kubwa lilipo. Sogeza kiti nusu mita, pima tena. Mara nyingi kusogeza kiti na spika kunarekebisha zaidi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Namba ya LUFS na mbio za kupiga kelele

Sikio linadanganywa na ukubwa wa sauti kirahisi mno. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba tunasikia besi hafifu sana sauti ikiwa ndogo, na kwamba besi hiyo inarudi kadiri sauti inavyopanda. Kwa hiyo sauti ikiongezwa kidogo tu, wimbo uleule unaonekana mnene na mtamu zaidi. Plagini yoyote inayoongeza desibeli 2 bila kukuambia itakushawishi kwamba imeboresha. Ukiipenda, shusha matokeo yake hadi mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani, isome sawa kabla na baada, kisha sikiliza upya. Nyingi hupoteza uchawi wao papo hapo.

LUFS ilitokana na kero ya televisheni, matangazo ya biashara yaliyopiga kelele kuliko kipindi. Mita za vilele hazikuweza kuyazuia kwa sababu vilele vyao vilikuwa halali. Kilichoongezwa kilikuwa wastani. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kipimo kiitwacho BS.1770. Hupunguza uzito wa besi ya chini kabisa, huongeza kama desibeli 4 kwenye masafa ya juu ili kufuata namna kichwa na sikio vinavyopokea sauti, kisha hutafuta wastani. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka lengo lao la -23 LUFS, wakaongeza mlango unaoacha vipande vya kimya nje ya hesabu. Mlango huo una maana kwetu: taksimu ya udi iliyotulia mwanzoni mwa wimbo wa taarabu haivuti namba nzima chini.

Mita hiyo inatoa namba tatu. Moja inatazama milisekunde 400 zilizopita, ya pili sekunde 3, ya tatu wimbo wote tangu ulipobonyeza. Ya sekunde 3 ndiyo ya kutazama ukilinganisha ubeti na kiitikio. Ya wimbo wote ndiyo wanayozungumzia watu wa mitandao ya muziki. Spotify na YouTube hulenga karibu -14, Apple Music karibu -16. Wimbo uliobanwa hadi -8 ukifika penye -14 unashushwa desibeli 6. Vilele vyake navyo vinashuka 6, wakati mwenzake wa -14 mwenye vilele vya -1 anabaki na ngoma zinazoruka. Aliyejibana amelipa gharama asipate kitu.

Hayo ni kweli, na bado sikubaliani na wanaoigeuza -14 kuwa amri. Nyimbo nyingi za biashara zinatoka na -9 au -8 kwa sababu mbano wenyewe ni sehemu ya mtindo. Na wimbo wa huku hauishi kwenye Spotify tu. Unatumwa WhatsApp, unawekwa kwenye flashi, unapigwa na DJ kwenye harusi baada ya wimbo wa mtu mwingine, na huko hakuna mashine inayosawazisha. Ukipeleka -14 mbele ya -8 kwenye flashi ileile, wako utaonekana mnyonge. Amua wimbo unakwenda wapi, kisha tumia namba kujua uko wapi. Youlean ina toleo la bure la mita hii, na linatosha.

Mita hizo pia husoma kilele halisi. Sampuli ni nukta, na wimbi linalochorwa kati ya nukta mbili linaweza kupanda juu ya zote mbili. Mita ya kawaida inaona nukta tu. Hii hukokotoa kilicho katikati. Faili ikigeuzwa kuwa MP3 au AAC vilele husogea tena, ndiyo maana limita (kizuizi cha vilele) ya mwisho huwekwa -1 na si 0.

Sauti inayopotea kwenye simu

Wasikilizaji wengi watausikia wimbo wako kwanza kwenye spika moja, ya simu au ya bluetooth. Kushoto na kulia vinajumlishwa. Mita ya uwiano, kale kamstari kanakotembea kati ya -1 na +1, inakuambia nini kitatokea wakati huo. Karibu na +1, pande mbili zinafanana. Karibu na 0, kila upande una mambo yake, nayo si dosari. Ikikaa upande wa kutoa, pande zinapingana na zitafutana.

Mfano unaotokea sana: sauti za kuitikia zinataka upana, prodyuza anaweka plagini ya kutanua. Baadhi ya plagini hizo hugeuza wimbi la upande mmoja juu chini. Kwenye hedifoni waitikiaji wanazunguka kichwa, raha tupu. Mstari umelala karibu na -1. Kwenye simu waitikiaji wameondoka, kabaki mwimbaji mkuu peke yake. Njia nyingine ni kunakili sauti na kuichelewesha upande mmoja kwa milisekunde 10. Mstari unacheza karibu na 0, hakuna kinachotoweka kabisa, lakini ukijumlisha pande, masafa ya Hz 50, 150, 250 na kuendelea yanatobolewa na sauti inakuwa kama ya ndani ya bomba. Dawa ni kumwimbisha mwitikiaji mara mbili kweli, kila rekodi upande wake. Besi na ngoma kubwa ziache katikati.

Kuna kioo kingine kisichosifiwa inavyostahili, nacho ni spektrogramu, inayochora muda kwenda kulia na masafa kwenda juu. Audacity inayo, bure. Rekodi kimya cha chumba chako uitazame. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo mvumo wa waya mbovu unaonekana kama mistari iliyonyooka penye 50, 100, 150. Kwenye spika ndogo huisikii. Ukiweka kompresa (inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) na kuinua sauti desibeli 10, itatokea nyuma ya kila pumzi. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi tena. Mistari ikipotea umempata mchawi. Bodaboda inaonekana kama mkunjo unaopanda na kushuka, mvua ya bati kama ukuta mzima, na hiyo ya mwisho haina tiba isipokuwa kusubiri iishe.

Mita ya mwisho haiko ndani ya wimbo. Programu ya simu ya kupima kelele si sahihi sana, ila inatosha kukuambia kama unasikilizia kwa desibeli 75 au 95. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kwenye chumba kidogo, 75 hadi 79 inafaa kufanyia kazi.

Wakati wa kurekodi acha wazi mita ya kuingilia tu. Wakati wa kutunga na kupanga ala, funga zote. Grafu inayochorwa upya mara nyingi kwa sekunde inakula nguvu ya kompyuta, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itaanza kukatakata sauti, halafu utatumia nusu saa kutafuta kwenye waya hitilafu iliyoletwa na dirisha ulilosahau kufunga.